Habtezghi Wawili

"Nimeuliza na nitauliza tena: ulimzaa lini?"

Letemikael alikuwa amesimama mlangoni pa kinyozi, mtandio wake mweupe umemporomoka begani, kidole chake kimeelekea puani pa mwenye duka. Kinyozi, mkono mmoja wembe, mkono mwingine taulo, alirudi nyuma hatua moja akagota kwenye kioo.

"Dada yangu, teremsha sauti. Nina wateja."

"Na wateja wako wasikie! Wewe hapo kitini, uliyepakwa povu, geuka unitazame. Unanijua?"

"Nakujua, Mama Esrom," alisema mwenye povu. "Geza Banda nzima hii, nani asiyekujua?"

"Basi uwe shahidi. Mume wangu aliitwa nani?"

"Habtezghi."

"Habtezghi yupi?"

Yule mtu alimtazama kinyozi. Akautazama wembe uliokuwa unaning'inia karibu na koromeo lake.

"Wa lori!" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa Tsigehana, jirani ambaye hakuna ugomvi uliowahi kumpita, anavuka njia na kigoda mkononi ili asije akasikiliza kwa kusimama. "Habtezghi wa lori, Mungu ailaze roho yake pema! Si huyu wa mkasi! Jamani, hata vipofu wa mtaa huu wanajua!"

"Umesikia?" Letemikael alimwambia kinyozi. "Sasa mimi mjane, mwenye mtoto mmoja, nimelala na kuamka katika nyumba ile ile, leo dunia nzima imeonyeshwa sura yako ikaambiwa ndiye baba wa mwanangu. Nijibu basi. Ulimzaa lini? Ulipita dirisha gani?"

Watu wakacheka. Mlango wa duka ulikuwa umeshajaa, na waliochelewa walikuwa wanauliza waliowahi kumetokea nini, wakiambiwa habari iliyokwisha kutiwa chumvi mara mbili.

Habari yenyewe isiyo na chumvi ilikuwa hivi.

Kiangazi hicho Esrom, mwana wa Letemikael, alikuwa ameshinda. Si kushinda kwa Jumapili, kwa kuizunguka barabara kuu ya Asmara watu wakakupigia makofi kisha wakaenda kunywa kahawa. Huko alikwisha kushinda zamani. Alishinda Ulaya, katika mbio za baiskeli za wiki tatu, milima juu ya milima, akawaacha watu waliozaliwa katika milima ile wakihema kama mivukuto ya mhunzi. Gazeti lilitoa picha yake ukurasa mzima, na Tsigehana akaibandika juu ya jokofu, akapiga marufuku kulifungua kwa nguvu. Redio ilikuja na kinasa sauti kumuuliza Letemikael mwanawe alikula nini utotoni. Kabla hajafungua kinywa Tsigehana alijibu, "Alikula kwangu!" Ndivyo ilivyorushwa.

Wakamuuliza pia mtoto alijifunza wapi kupanda milima. Letemikael alisema kweli aliyoijua: kwenye tambarare za uwanja wa ndege. Barabara ya Massawa, ile inayoteremka kutoka mjini mpaka baharini kwa kona zisizohesabika, alimpiga marufuku tangu siku alipoona kwa macho yake basi limening'iniza gurudumu hewani. Mtoto akaapa. Akawa anafanya mazoezi tambarare, naye mama akiridhika. Mwandishi wa redio alirudia swali, "Bingwa wa milima, mama, alijifunzia tambarare?" Letemikael akasema, "Mungu akitaka kukupa hatazami ardhi." Nalo hilo likachapishwa gazetini, watu wakalisoma na kutikisa vichwa, wengine kwa imani, wengine kwa kicheko.

Ila utamu hasa ulikuwa kwenye jina. Kwetu mtu ana jina lake na jina la baba yake, basi. Jina la ukoo hatuna. Esrom ni Esrom, na Habtezghi ni aliyemzaa. Watangazaji wa Ulaya hawayajui hayo. Wao hushika jina la mwisho wakalipigia kelele. Basi kila alasiri, kupitia dishi la Tsigehana, sauti za watu wasiowahi kufika Asmara zilikuwa zinapaza: Habtezghi anachomoka! Habtezghi amewaacha! Nani atamfikia Habtezghi?

Mara ya kwanza Letemikael aliposikia alitoka nje akasimama uani, akajifuta macho kwa mtandio. Mume wake alikuwa ameshalala makaburini miaka kadhaa. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache na shingo nene, asiyejulikana na yeyote zaidi ya wapakiaji wa bandarini na mbuzi wa njiani. Na sasa huyo anapanda milima ya Ulaya, mataifa yanamwita. Mara ya pili Letemikael hakutoka nje. Alivuta kiti karibu na televisheni. Mbio hakuzielewa hata kidogo, nani yuko mbele na kwa nini aliye mbele hajashinda bado. Yeye alikuja kusikiliza jina. Likitajwa, alikuwa anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.

Sasa mtaani kulikuwa na Habtezghi mwingine, aliyebaki hai: Habtezghi kinyozi. Hawana udugu wowote, ni jina tu. Mkewe alikufa mapema, mtoto hawakujaliwa, na duka ndilo familia yake. Kwenye baa ya pembeni watu walianza kumtania.

"Habtezghi, leo umepanda mlima na hilo goti lako bovu?"

"Nimepanda, bwana. Ila upepo ulikuwa mkali."

"Mbona uliwaacha wenzako mapema hivyo?"

"Walikuwa wananinukia jasho."

Kicheko, na kahawa ya maziwa inaletwa ambayo hakuiagiza. Kesho yake tena. Mzaha ukimwagiliwa kila siku nao hutoa mizizi. Wiki ya tatu Habtezghi kinyozi alikuwa anatembea kifua mbele, anapunga mkono kwa watu ambao hawajampungia. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na kilemba cha ukoka ukikivaa sana unasahau kwamba ni majani.

Ndipo akaja mwandishi wa televisheni, Mwitaliano mmoja mrefu na mpiga picha wake, wanatafuta nyumbani kwa bingwa. Kijana wao wa kuwatafsiria alikuwa amebaki nyuma kuegesha gari. Mwitaliano akainua macho, akaona juu ya duka kibao kimeandikwa kwa herufi za kwetu na chini yake kwa herufi za kwao, kubwa, nyekundu: HABTEZGHI. Kwao jina la mlangoni ni jina la ukoo. Akaingia kama aliyeokota dhahabu.

Kinyozi anakijua Kiitaliano, alikisoma shuleni enzi hizo, na miaka ilikuwa imepita pasipo mtu wa kuzungumza naye. Mtu akimsalimu kwa lugha hiyo alikuwa anafunguka kama bomba.

"Wewe ndiwe Bwana Habtezghi?" aliulizwa.

"Ndiye mimi."

"Unamfahamu Esrom tangu utoto?"

"Tangu ana nywele alizozaliwa nazo."

"Unajivunia?"

"Usiku silali kwa kujivunia."

"Wewe ulimfundisha nini?"

Kinyozi alifikiri. Akakumbuka kitoto kinacholia kitini, kinapiga teke hewa, na yeye amekishika utosi kwa kidole kimoja. "Kutulia," akasema. "Nilimfundisha kutulia."

Kila jibu lilikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa kwenye jumla yake. Yule Mwitaliano alimkumbatia, akamwambia hongera, baba. Na hapo, hapo hasa, palikuwa na nafasi ya neno moja la kusahihisha. Kinyozi aliiona nafasi ile ikimjia, akaiacha ipite.

Siku mbili baadaye picha zikarushwa. Letemikael alikuwa kwa Tsigehana anachambua dengu simu ilipolia. Alikuwa Zaid, dada yake wa Frankfurt.

"Leto, hongera ya ndoa."

"Ndoa gani?"

"Na kinyozi! Mungu wangu, hata mwaliko? Hapa simu hazikomi, wote wananiuliza mimi. Mimi niseme nini? Nimesema ana mkono mwepesi."

Dengu zilimwagika zote. Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa mlangoni pa duka.

"Niliulizwa jina langu," kinyozi alikuwa anajitetea, "nikataja jina langu. Ningetaja la nani?"

"Ulipoitwa baba je?"

"Kila mtu ananiita baba, umri huu."

"Habtezghi." Letemikael aliteremsha sauti, na umati wote ukainama mbele ili usikose. "Mume wangu hana picha gazetini. Hakuwahi kuhojiwa na mtu. Amebakiwa na hilo jina tu, ndilo wanaloliita huko nje. Na wewe ukalibandika uso wako."

Mwenye povu alijifuta povu lake mwenyewe, polepole. Kinyozi alitazama sakafu yenye nywele za watu.

"Jumapili Esrom anakuja," Letemikael aliendelea. "Mwitaliano wako atarudi na kamera yake. Utakuja kwangu, utasimama mbele ya kamera ile ile, kwa Kiitaliano kile kile, useme wewe si baba."

"Mbele ya mtaa mzima? Leto, watanicheka mpaka nife."

"Aliyekwisha kufa umeshamcheka."

"Kinyozi hajinyoi, dada yangu."

"Basi tafuta wembe mrefu," alisema Letemikael, akajifunika mtandio wake, akaondoka. Tsigehana alibaki kidogo kwenye kigoda chake, kuhakikisha hakuna kilichobaki, kisha naye akaondoka.

Ijumaa na Jumamosi nyumba ya Letemikael haikuwa yake tena. Majirani waliingia bila kubisha. Huyu anapondaponda vitunguu, yule anachochea sufuria la mchuzi wa zigni mpaka pilipili ikawatoa machozi waliokaa sebuleni, mwingine anakanda mikate ya himbasha mikubwa kama magurudumu. Pombe ya suwa ilikuwa inachacha pipani, na kila aliyepita aliionja kujua kama imeiva, mpaka Tsigehana akaketi juu ya kifuniko.

"Duka la kinyozi limefungwa," Tsigehana alitangaza kutoka juu ya pipa. "Tangu jana. Wanasema amepanda basi kwenda mji wa Keren, kwa dadake."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema. Lakini nimeambiwa."

Letemikael alirudi kwenye bakuli lake. Alikuwa anakanda unga huku macho yake yako ukutani, kwenye picha pekee ya mumewe: amekaa ndani ya lori, kiwiko kimetoka dirishani, ametabasamu nusu kama mtu aliyeambiwa tabasamu. Lile lori! Lilimpa mateso. Kila Alhamisi mumewe alikuwa anarudi usiku umeshaingia, chakula kimepoa mara mbili, na kisingizio kimoja: injini imechemka Arbaroba, mlimani kwenye barabara ya Massawa. Kila Alhamisi, pale pale Arbaroba. Alimwambia aliuze, hakusikia. Akamchukia fundi Woldu aliyekuwa analitengeneza, akaacha kumsalimu, hata arusi ya mpwa wake hakumwalika. "Kama asingekuwa fundi wa kubahatisha," alikuwa akisema, "mume wangu angekula chakula cha moto."

Sasa alimtazama yule pichani. Wanakuita huku nje, alimwambia moyoni. Na mimi nimeshindwa hata kukulindia jina.

Jumapili Asmara ilitoka nje yote. Kutoka uwanja wa ndege mpaka barabara kuu, chini ya minazi isiyozaa, watu walisimama safu juu ya safu. Wengine juu ya mapaa, wengine juu ya wenzao. Esrom alisimama katika gari la wazi, mwembamba kama fito, amevaa fulana ya ushindi, na mbele yake na nyuma yake baiskeli, baiskeli, baiskeli: za mashindano, za kubebea mikate, za wazee waliovaa suti na tai, ya padri mmoja aliyekunja kanzu. Redio ilikuwa inapiga kelele kutoka kila dirisha. Mtangazaji alikuwa ameshapoteza sauti tangu asubuhi, akawa anaendelea kwa mkwaruzo.

Gari lilipokata kona kuingia Geza Banda, vigelegele vilipasuka. Wanawake walikuwa wamejipanga na vikapu vya bisi, na kila hatua aliyopiga Esrom walimrushia, zikamwangukia kichwani na mabegani nyeupe kama maua. Mlangoni alisimama mamake na kikapu chake. Esrom akainama mpaka chini. Letemikael akammwagia kikapu chote juu ya kichwa, kisha akamshika masikio yote mawili kama alivyokuwa anafanya zamani akikagua kama ameoga.

"Umekonda."

"Nimeshinda, mama."

"Nimesikia. Lakini umekonda."

Watu walikuwa hawajamaliza kucheka Mwitaliano alipopenya umati na kamera yake. Alimpa Esrom mkono, akatazama huku na huku, akauliza jambo. Esrom, aliyeishi Italia na timu yake misimu mingi, alimjibu. Mwitaliano akakunja uso. Akatoa simu yake, akamwonyesha. Esrom akatazama picha, akaisogeza karibu, kisha akashika ukuta kwa kicheko.

"Baba Habtezghi kinyozi! Mama, hukuniambia!"

"Usicheke," alisema mamake.

"Anauliza baba yuko wapi, anataka tukae watatu."

"Mwambie baba yako yuko wapi."

Esrom aliacha kucheka, akamweleza mgeni. Mwitaliano aliposikia, uso wake ulibadilika rangi, akashika kichwa. Akasema maneno mengi ya haraka. Letemikael hakuyajua, lakini alijua maana yake: samahani, nilidhani. Angeweza kuishia hapo. Ila yeye hakutaka samahani ya mgeni. Alinyoosha shingo akatazama juu ya vichwa vya watu, mpaka mwisho wa njia, kwenye duka lililofungwa.

"Keren," alinong'ona Tsigehana. "Nilikwambia."

Na hapo ndipo kengele ya baiskeli ilipolia nyuma ya umati, ile ya kizamani ya kukata masikio. Watu wakageuka. Habtezghi kinyozi alikuwa anakuja juu ya baiskeli yake kuukuu, goti moja limekataa kujikunja, amefunga nyuma ya tandiko kibao kipana kuliko barabara. Kushoto kwake watu wanaruka, kulia kwake watu wanaruka.

"Angalieni rangi! Rangi mbichi! Kanzu yako, padri!"

"Habtezghi, mlima leo umekushinda?" mmoja alimtupia.

"Umenishinda," alisema kinyozi. "Nipisheni nishuke."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamezoea kujibiwa kwa mbwembwe. Alishuka, akafungua kamba, akakiegemeza kibao chini ya dirisha la Letemikael, akarudi nyuma ili watu wasome. Kilikuwa kile kile cha dukani, lakini kimepakwa upya, kwa herufi zetu na za Kiitaliano:

KINYOZI HABTEZGHI. HAPA ALINYOLEWA MARA YA KWANZA ESROM, MWANA WA HABTEZGHI WA LORI.

Na neno la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko hata jina la mwenye duka. Rangi ilikuwa bado inachuruzika.

"Jina lako limekuwa dogo," alisema Tsigehana.

"Linanitosha."

Kinyozi akavua kofia, akasimama mbele ya kamera. Akaanza kwa Kiitaliano, taratibu, kama anayenyoa mahali penye kovu. Letemikael alimshika mwanawe mkono. "Nitafsirie. Usipunguze."

"Anasema: bwana, uliniuliza kama mimi ni Habtezghi, nikasema ndiyo. Kosa lako ni dogo, hukujua. Mimi nilijua. Mimi ni kinyozi tu." Esrom alikuwa anatafsiri kwa sauti. "Anasema: Habtezghi mwenyewe alikuwa na nywele ngumu zilizonivunjia mikasi. Alikuwa hasemi. Lakini mtu akikaa kitini kwangu, kichwa nyuma, macho yamefumba, husema. Na yanayosemwa kitini nimeyafunga miaka yote. Leo... leo naomba ruhusa ya mwenyewe, niseme moja."

Kinyozi alitazama kupitia dirishani, kwenye picha ya ukutani. Kisha akaendelea, na Esrom akanyamaza.

"Mbona hutafsiri?"

"Mama..."

"Esrom!"

"Anasema kila Alhamisi baba alikuwa ananishusha kwa lori mpaka Nefasit, kule chini kwenye barabara ya Massawa. Mimi na baiskeli, juu ya magunia." Sauti ya bingwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Kisha mimi napanda mlima wote mpaka mjini, na yeye nyuma yangu na lori, polepole, taa zinawaka, amekaa katikati ya barabara ili gari lolote lisinipite karibu. Mabasi nyuma yake yanapiga honi. Wanamtukana. Anasema baba akija kunyolewa alikuwa anamwambia: 'Leo wamenitukana mpaka babu yangu, lakini kijana hakuweka mguu chini.' Na anasema..." Akamtazama mamake. "Anasema alikuwa anacheka peke yake kitini. Alikuwa anasema, 'Kinyozi, siku moja huyu watamjua. Mimi nitakuwa nyuma, na honi.' Akamwapisha asikwambie wewe."

Letemikael alisimama kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Akili yake ilikuwa imerudi kwenye sahani zilizopoa, kwenye Alhamisi zote zile.

"Na injini?" alisema. "Injini iliyokuwa inachemka Arbaroba?"

"Mama," alisema Esrom, "injini ile haikuwahi kuchemka hata siku moja."

"Na tambarare za uwanja wa ndege?"

Bingwa wa milima alitazama viatu vyake.

"Nimelisema redioni!" alipiga ukelele Letemikael. "Limeandikwa gazetini! Mlinidanganya wote wawili! Na fundi Woldu, mimi fundi Woldu nimemnunia miaka..."

"Na arusi hukumwalika!" Tsigehana aliongeza haraka.

"Niko hapa, Mama Esrom," alisema mtu mmoja kutoka nyuma kabisa, sauti ya unyenyekevu, naye ndiye Woldu, mwenye sahani ya himbasha mkononi. "Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza nimekukosea nini."

Kicheko kilicholipuka kilisikika mpaka barabara kuu. Letemikael alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Alicheka, huku machozi yanamteremka. Alimwona mumewe dirishani mwa lori, kiwiko nje, dunia nzima inampigia honi na yeye hasogei. Na mbele yake, kwenye duara la taa, mgongo mwembamba wa mtoto unapanda. Basi hakuwa ameitwa bure kule Ulaya. Mlima ule ulikuwa wake pia. Watangazaji walikuwa wamesema kweli wasiyoijua.

Akamgeukia Mwitaliano, akamshika mkono, akamwingiza ndani mpaka mbele ya ile picha ukutani. Akainyooshea kidole. "Habtezghi," akasema, wazi, herufi kwa herufi, kama anayemfundisha mtoto. Kamera ikasogea. Ikakaa pale muda mrefu. Nje vigelegele vilianza upya, na mara hii vilikuwa vya dereva.

Alipotoka, umati ulikuwa umeshaanza kusukumana kuelekea harufu ya zigni. Kinyozi alikuwa amepiga magoti, anakifunga kibao chake tena kwenye baiskeli, vidole vyake vyekundu vinateleza kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Letemikael.

"Kukitundika, dada yangu. Kabla ya mvua."

"Rangi haijakauka. Kiache hapo hapo chini ya dirisha, watu wakisome wakiingia." Alimwondolea kamba mkononi. "Umekula?"

"Tangu Ijumaa napaka rangi. Mikono yangu hata haifai kugusa injera."

"Haifai kweli," alisema Letemikael, akausukuma mlango ukafunguka wote. "Ingia. Nimekuwekea kiti chini ya picha yake, mkae pamoja nyote wawili. Na tonge la kwanza nitakulisha mimi kwa mkono wangu."